The Gospel According to Jazz, Chapter III ya Kirk Whalum: chukua yenye video

Kama unaitafuta albamu hii, usiridhike na ile ya sauti peke yake. Ni nzuri, nimeisikiliza sana kwenye Hiace za Marangu nikiwa na spika masikioni, ila kazi hii ilirekodiwa mbele ya watu, ndani ya kanisa la Reid Temple AME (la Kimethodisti la Wamarekani weusi) huko Glenn Dale, Maryland, Marekani, ikatoka mwaka 2010, na kwenye video ndipo unapoona wanavyofanya. Mimi napuliza tromboni kwenye kundi la matarumbeta la usharika wetu hapa Moshi. Naandika hasa kwa ajili ya wapigaji wenzangu wa makanisani, maana wasikilizaji watajipendea wenyewe.

Kirk Whalum wengi mmemsikia bila kulijua jina lake. Ile saksafoni inayoingia katikati ya I Will Always Love You ya Whitney Houston, ya mwaka 1992, ni yake. Alizaliwa Memphis mwaka 1958, na baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Olivet Baptist. Kipaji kilianzia huko kanisani, kabla hajaenda kusoma muziki Houston. Mwaka 1984 mpiga kinanda Bob James akamsikia akipiga mjini humo, akamwingiza kwenye kazi zake, na njia ikafunguka. Angeweza kuendelea na jazi laini ya redioni maisha yake yote, maana sauti ya saksafoni yake ya tena (tenor, ile ya sauti nzito kidogo) inafaa kabisa kwa hilo. Badala yake mwaka 1998 alianza mfululizo huu, ambao albamu hii ni sehemu yake ya tatu, akawaita wapigaji wakubwa waje wapige nyimbo za imani kwa ufundi wao wote, bila kupunguza kitu.

Sasa kwenye upulizaji wenyewe. Whalum akishika wimbo wa kiroho, anaupuliza kwa pumzi za muimbaji. Mahali ambapo maneno yanaisha, naye anaishia hapo. Unasikia wazi kwamba kichwani anaimba ubeti, silabi kwa silabi, hata kama wewe huyajui maneno ya Kiingereza. Noti ndefu anaiacha inyooke kwanza, mtetemo unakuja mwishoni tu, na akipanda juu ni kwa sababu wimbo umefika mahali pa kupanda. Ninyi wa matarumbeta mnajua tunachofanya sisi: kiongozi akimaliza mstari, tarumbeta ya kwanza inajaza pengo kwa vionjo, yaani noti za mapambo, tromboni nayo haikubali kushindwa, na msharika aliyetaka kuimba hana pa kuingilia. Kwenye rekodi hii pengo linaachwa kwa ajili ya kusanyiko, na kusanyiko linajibu. Sauti za watu zimebaki ndani ya rekodi, ni sehemu ya muziki.

Halafu tazama nani wako jukwaani. Kevin Whalum anayeimba ni mdogo wake Kirk. Hugh "Peanuts" Whalum, mzee wa kinanda na uimbaji, ni ndugu wa baba yao. Yupo George Duke, aliyefariki mwaka 2013, mtu aliyepiga jazi na funki na karibu kila kitu kingine, lakini alikuwa amekulia kwenye kanisa la Kibaptisti huko California, na mikono yake inajua lini ipige akodi nzito (noti kadhaa kwa pamoja) na lini inyamaze mtu mwingine aseme. Watu hawa hawahitaji kuelekezana kwa maneno. Mmoja akiinua kichwa, wengine wanajua kiitikio kinarudiwa. Hilo haliandikwi kwenye karatasi ya noti, na ndiyo sababu nasisitiza video.

Lalah Hathaway ndiye aliyenishika kuliko wote. Ni binti wa Donny Hathaway, ambaye alilelewa St. Louis na bibi yake, muimbaji wa injili, akapandishwa kuimba kanisani akiwa mtoto mdogo. Sauti ya Lalah ni nzito, iko chini kabisa kwa mwanamke, na haina haraka. Wimbo aliouimba hapa na Whalum, It's What I Do, ulipata tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa injili mwaka 2011, na ilistahili. Saksafoni ya tena na sauti yake zinakaa karibu sana kwa kimo, kama sauti mbili za ndugu wa tumbo moja. Waimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya zetu, wale wanaolazimishwa kupanda juu kila Jumapili kwa sababu soprano hawatoshi, waisikilize hii mara nyingi. Uzito wa sauti si upungufu.

Lipo ambalo halikuniridhisha. Ni diski mbili, na kwa mtu aliyezoea shaba inayopulizwa nje, msibani, chini ya migomba, ulaini huu ukizidi unachosha. Kila kitu ni kisafi mno. Mara nyingine nilitamani mtu apasue noti moja kwa nguvu, isikike pumzi ikikwaruza. Ndiyo maana siisikilizi yote kwa mfululizo, nachukua diski moja kwa jioni. Pia maneno ya katikati ya nyimbo ni Kiingereza cha haraka cha Kimarekani, na wazee wetu wa kundi waliniomba niyaruke.

Kwa mwalimu wa kwaya au kiongozi wa bendi ya usharika, thamani ya pesa ipo kabisa. Iweke kwenye runinga kabla ya mazoezi, chagua wimbo mmoja tu, waambie vijana wamtazame Kevin anapopumua na saksafoni inapoingia baada yake. Kisha chukueni tenzi mnayoijua wote, muipulize ubeti wa kwanza bila kionjo hata kimoja.