Hita ya maji ya lita 50: mashine sina neno nayo, shida ilikuwa kwenye mabomba

Nimemaliza msimu wa baridi hapa Arusha na hita ya lita 50, ile ya kutundika ukutani, na kwa mashine yenyewe sina neno. Elementi yake ni kilowati 1.5. Kuyatoa maji nyuzi 20 mpaka 60 inachukua kama saa moja na nusu, na Luku inapungua uniti mbili na ushee. Ukiyachanganya na ya baridi yanatosha watu wanne, wasiwe watu wa kuimba bafuni. Kwa bei niliyonunulia, nimeridhika.

Kilichonifanya niandike ni mabomba, maana huko dukani hakuna anayekwambia kitu.

Ndani ya boksi kuna kivalvu kidogo kinachong'aa, kina kijimkono ubavuni, kijitundu chini, mshale wa kuonyesha maji yanakoelekea na maandishi 0.8 MPa, yaani bar 8 za presha, ambayo ikifika kinafunguka chenyewe na kutoa maji. Fundi aliyeletwa na duka alikitoa, akakigeuza geuza, akakiweka juu ya sinki. "Mama, hiki hata tusipokifunga haina shida. Presha ya simtanki ni ndogo."

Kwa juu juu ana hoja. Maji yakisimama mita 10 ndiyo yanatoa bar moja, na mnara wangu haufiki hata mita sita. Ila presha ya kuogopa haitoki kwenye simtanki, inazaliwa humo humo ndani ya hita. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na chuma hakitanuki kuzipa nafasi. Bila kivalvu zitarudi juu kwenye simtanki, sawa, mradi koki ya njiani iko wazi. Siku mtu akiifunga, umeme ukabaki unawaka na themostati, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, ikagoma kukata, hapo ukutani una bomu. Kivalvu kina kazi nyingine pia: kinazuia maji yasirudi nyuma. Kwa mgao wa maji tulionao, simtanki likikauka hita inabaki imejaa na elementi haiungui kwa kuwaka ikiwa kavu.

Nilimlipa nauli, nikamshukuru, nikamtafuta mwingine. Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja fundi bomba, na huyo ndiye ninayempa nyota tano.

Kwanza aligonga ukuta. Hita tupu na maji yake ni karibu kilo 70, kwa hiyo alitaka tofali lililojaa, si bloku yenye matundu. Halafu akafunga kivalvu moja kwa moja kwenye mdomo wa bluu, ambako maji baridi yanaingia, mshale ukielekea kwenye hita. Koki ya kufungia aliiweka kabla ya kivalvu. Kati ya kivalvu na hita hakuweka koki wala kizuizi chochote, na alinionyesha kwa kidole ili siku akija fundi mwingine nimkatalie. Kila upande aliacha yunioni, kiungo cha kufungua kwa spana, hita ishushwe bila kukata bomba.

Upande wa moto alikataa PVC katakata, maana inalainika kwa joto. Alitumia PPR, plastiki inayohimili maji ya moto na inayounganishwa kwa kuyeyushwa, na nilipenda kumwangalia akiunganisha. Mashine yake ya kuyeyushia ikifika nyuzi 260, bomba la milimita 20 linakaa humo sekunde tano tu, linatoka, linasukumwa kwenye elbo likiwa limenyooka, halizungushwi. Ukilichelewesha, plastiki inayeyuka na kufanya kizingiti kwa ndani, maji yanakuja kidogo na wewe unalaumu hita. Alitupa elbo moja kwa sababu hiyo hiyo, baada ya kuimulika kwa tochi ya simu.

Kabla ya kugusa umeme alifungua koki ya moto ya bafuni, akaacha hewa itoke. Bomba lilikohoa sana, likatema maji ya mchanga, mpaka yakatiririka bila kukatika. Hapo ndipo alipomruhusu fundi umeme, naye aliweka breka ya peke yake na kuupima waya wa ethi kwanza.

Sasa, kuvuja. Kila hita inapopasha, kijitundu cha kivalvu kinadondosha matone. Binti wa kazi alinijia mbio siku ya kwanza akitaka tukizibe kwa tepu. Hapana! Ndiyo ile robo tatu ya lita inatoka. Mzee alikichomekea kijipira kinachoshuka mpaka kwenye tundu la maji machafu, mwisho wake ukiwa wazi. Kama kinadondosha hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, hapo ndipo umwite fundi. Mara moja moja nanyanyua kile kijimkono maji yatoke kidogo, kisije kikaganda kwa chumvi.

Lawama zangu ni mbili. Fleksibo, yaani vijipaipu vya kupinda, walizotia kwenye boksi ni nyepesi mno, nimezibadilisha. Na kitabu cha maelezo hakigusi kabisa habari ya maji baridi ya bafuni kutoka kwenye laini ya mtaa huku ya moto yakitoka simtanki. Kwangu ilikuwa hivyo, na bomba la mvua likawa linatoa baridi tupu, kwa sababu laini ya mtaa ina nguvu na inayazuia ya moto yasitoke. Mzee aliyaleta yote mawili kutoka simtanki, tatizo likaisha.

Ukienda kuinunua, fungua boksi hapo hapo kaunta uone kama kivalvu kimo. La shemeji yangu halikuwa nacho, na muuzaji alikuwa tayari kumuuzia kingine pembeni.