Monita ya gemu: inchi ngapi, pikseli ngapi, na ipi ya kununua kwanza

Mdogo wangu alinunua monita ya inchi 32 kwa sababu moja tu: dukani ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na bei yake ilikaribiana na ya zile za inchi 24 zilizopangwa pembeni yake. Alipoiwasha nyumbani, juu ya meza ambayo upana wake toka ukutani hadi kifuani haufiki sentimita 60, maandishi yalionekana yamechanika kingo na nyavu za goli kwenye gemu ya mpira zikawa vijisanduku. Monita haikuwa mbovu. Ilikuwa na pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, zilezile anazokuwa nazo mwenzake wa inchi 24, ila zimetandazwa kwenye eneo linalokaribia mara mbili. Chai ya watu wawili iliyoongezwa maji iwatoshe wanne.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "ninunue inchi ngapi?", namrudishia maswali mawili. Una kadi gani ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu ndani ya kompyuta? Na ukikaa, macho yako yako mbali kiasi gani na kioo? Ukishajibu hayo, inchi na pikseli zinajichagua zenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ni fupi na ndiyo itakayokulinda mbele ya muuzaji. Monita nyingi za gemu ziko katika makundi matatu. Ya 1080p, ile ya 1920 kwa 1080, ina pikseli milioni 2.1 hivi. Ya 1440p, ambayo madukani huitwa QHD au 2K, ina milioni 3.7. Ya 4K ina milioni 8.3, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kila pikseli ni kazi ambayo kadi yako inapaswa kuifanya upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu inayochorwa. Ukihama kutoka 1080p kwenda 1440p umeiongezea kadi mzigo wa karibu asilimia 78. Ukirukia 4K umeubebesha mgongo uleule mizigo minne.

Upande wa macho, kinachohesabiwa ni pikseli zinazoingia katika kila inchi. Inchi 24 kwenye 1080p inatoa 92. Inchi 27 kwenye 1080p inashuka hadi 82, na inchi 32 hadi 69, pale alipoangukia mdogo wangu. Ukiweka 1440p kwenye inchi 27 unapata 109, na kwenye inchi 32 unarudi 92, sawasawa na inchi 24 ya 1080p. Kwa mtu anayekaa umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, mimi naona 90 ndiyo sakafu. Chini ya hapo pikseli zinaanza kuhesabika kwa macho.

Sasa nizipange.

Ya kwanza: inchi 27, 1440p

Hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote mwenye kadi inayoiweza. Kioo chake kina upana wa sentimita 60 na kimo cha 34, kwa hiyo ukikaa sentimita 65 hivi unaiona ramani ya pembeni na idadi ya risasi bila kugeuza shingo. Pikseli 109 kwa inchi zinafanya adui aliye mbali awe mtu, si doa. Maandishi nayo yanasomeka vizuri bila kuyakuza kwenye Windows, jambo kubwa kwa mwanafunzi au mfanyakazi anayetumia monita hiyohiyo mchana kwa kazi.

Kadi za kiwango cha RTX 3060 Ti ya Nvidia, RX 6700 XT ya AMD na kwenda juu zinaibeba vizuri. RTX 3060 ya kawaida nayo inaweza, ukiisaidia na DLSS ya Nvidia. Teknolojia hiyo, pamoja na FSR ya AMD, huchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza ijaze kioo, huku maandishi na alama za gemu zikibaki kwenye ukali wake kamili. Ni bora sana kuliko kushusha resolusheni (idadi ya pikseli) ya monita nzima: ukicheza 1080p kwenye kioo cha 1440p, pikseli moja inalazimika kujaza nafasi ya moja na theluthi kwa upana na kwa kimo, na picha yote inakuwa na ukungu.

Wenye PS5 waliambiwa kwa muda mrefu waikwepe 1440p. Zamani ilikuwa kweli, lakini Sony waliongeza uwezo huo kwa sasisho la Septemba 2022, na Xbox Series S na X nazo zinaikubali. PS4 ndiyo haina.

Ya pili: inchi 24, 1080p, yenye Hz 144 (picha mpya 144 kwa sekunde) au zaidi

Kama kadi yako ni GTX 1650, GTX 1660 Super, RX 580 au RX 6600, hii ndiyo ya kwanza kwako, na usione umenunua ya kinyonge. Mashindano makubwa ya Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, yamechezwa miaka mingi kwenye monita za inchi 24 hadi 25 za 1080p, na wanaozitumia wana uwezo wa kununua chochote. Kioo kidogo kinakaa chote ndani ya jicho, na pikseli chache zinaiacha kadi izalishe fremu nyingi.

Kwa anayecheza Valorant au Counter-Strike, Hz zinazidi vyote. Monita ya Hz 60 inakuonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, ya Hz 144 kila baada ya 6.9. Adui anapochungulia kwenye kona, tofauti hiyo unaiona. Kwa mpira na gemu za hadithi tofauti ni ndogo, ingawa ukishaizoea Hz 144 kurudi nyuma ni kugumu.

Bajeti ikibana kabisa, tafuta monita iliyotumika ofisini Ulaya, zile ambazo Nairobi wanaziita ex-UK na Dar tunaziita mtumba. Dell na HP za inchi 23 au 24 zenye paneli (kioo cha ndani) ya aina ya IPS zina rangi nzuri na stendi inayopanda na kushuka, kuliko monita nyingi mpya za bei ya chini. Kasoro yake ni Hz 60 tu. Kwa anayeanza, ningeichukua hiyo na kuziweka fedha zinazobaki kwenye kadi.

Ya tatu: inchi 34 iliyo pana, 3440 kwa 1440

Ukali wake ni uleule wa inchi 27 ya 1440p, ila imeongezwa mbavu mbili hadi kufika upana wa sentimita 80. Kwa mbio za magari na gemu za kurusha ndege, raha yake haielezeki kwa maneno; unaona vioo vyote viwili vya gari. Pima meza kwanza. Pia PS5 haiijazi, inaacha mistari mieusi kushoto na kulia.

Ya nne: inchi 32, 4K

Nzuri mno, na ghali mara mbili: kwanza monita, kisha kadi ya kuilisha. Bila kadi ya daraja la RTX 4080 au inayoikaribia, gemu mpya zitakulazimisha kutegemea DLSS muda wote. Na mwenye PS5 anayecheza akiwa kwenye kochi atafaidi zaidi televisheni ya 4K yenye Hz 120.

Ya tano: inchi 32, 1440p. Inafaa kama meza yako inakuruhusu kurudi nyuma hadi sentimita 80. Vinginevyo chukua ya inchi 27.

Usinunue: inchi 27 au 32 za 1080p. Najua zimejaa madukani, zimepinda, zina taa nyekundu mgongoni na maandishi ya Hz 165 kwenye boksi. Anayezitetea ni yule anayecheza kwa pedi akiwa kitandani, mita moja na nusu kutoka kwenye kioo. Kwa mtu wa mezani ni hasara.

Kuhusu paneli nitasema machache. IPS ndiyo salama kwa wengi. VA ina weusi mzito zaidi, lakini nyingi za bei nafuu huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokimbia gizani, na utakiona kwenye gemu za usiku. OLED inazipita zote kwa picha, ila alama inayokaa sehemu moja saa nyingi kila siku inaweza kujichora humo moja kwa moja.

Ukifika dukani, usiridhike na neno "inakubali 4K". Kuna monita za 1080p zinazopokea mawimbi ya 4K na kuyashusha kimyakimya. Geuza monita, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kisha itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa umesimama hapohapo. Omba iwashwe. Fungua picha nyeupe tupu kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa utazame kama kuna pikseli zilizokufa, halafu picha nyeusi tupu utazame kama mwanga unavuja kwenye pembe. Kwa mtumba hili ni lazima, na usione haya hata muuzaji akinuna.

Angalia pia waya na matundu. HDMI 2.0 inabeba 1440p kwa Hz 144 lakini 4K kwa Hz 60 tu. 4K ya Hz 120 inahitaji HDMI 2.1. Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina HDMI 1.4, na hiyo itakubana 1440p karibu na Hz 60 hata monita iwe na uwezo gani. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la DisplayPort likiwepo.

Ukishaifunga, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, kisha mipangilio ya kina, uchague Hz kubwa kuliko zote zinazoonyeshwa hapo. Mara nyingi Windows huiwasha monita mpya kwa Hz 60 na kuiacha hivyo. Mdogo wangu aliuza ile ya 32 na kuchukua inchi 27 ya 1440p, Hz 165, akaitumia wiki tatu akisema ni nzuri. Nilipopita kwake nikakuta iko 60. Tulipoibadilisha alizungusha mshale wa kipanya kwenye kioo, duara baada ya duara, kama dakika nzima, kabla hajafungua gemu yoyote.