Jumba la opera: Central City au Leadville?

Majumba haya mawili ya opera (tamthilia ya kuimbwa) yako katika miji ya jimbo la Colorado, Marekani, na yote ni matunda ya migodi. La Central City, la 1878, lilijengwa kwa michango ya wenyeji; kuta ni za mawe. Lilichakaa, likafufuliwa 1932, na hadi leo opera huimbwa humo majira ya joto.

La Leadville, la 1879, ni la Horace Tabor, tajiri wa madini ya fedha. Mwaka 1882 Oscar Wilde, mwandishi kutoka Ireland, aliwahutubia wachimbaji humo, akiwasimulia habari za Cellini, sonara wa Italia! Bei ya madini hayo ilipoporomoka 1893, Tabor alifilisika.

Ukitaka muziki, nenda Central City. Mimi ningeanzia Leadville, ila jiandae kuhema: mji uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.