TAHADHARI: Mashanta ya kuwindia elki ya dola 189, msinunue

Ndugu zangu mlioko Colorado, Idaho, Montana na kwingineko huku Marekani mnaojiandaa kwenda kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa huku: kuna duka la mtandaoni linatangaza mashanta makubwa ya kubebea nyama kwa dola 189, yaleyale ambayo watengenezaji wenyewe wanayauza dola 600 na kuendelea. Msinunue. Mimi nilinunua. Kilichokuja ni feki, kikanikatikia porini nikiwa na paja la elki mgongoni, maili nne kutoka kwenye gari, na pesa yangu sikuiona tena.

Jina la duka siliandiki kwa sababu halitawasaidia. Nilipolitafuta Novemba, tovuti ilikuwa imeshafungwa. Januari nikakutana na picha zilezile, bei ileile na maneno yaleyale ya "tunafunga duka, punguzo la mwisho", ila jina jipya kabisa. Kwa hiyo nitawaeleza lilivyo, ulitambue hata likija na jina la tatu.

Kwa wale ambao ni mara yao ya kwanza: elki si digidigi. Jike anafika kilo 225 akiwa mzima, dume anapita kilo 300. Hata ukishachuna na kukata vipande, jike mmoja anakupa mzigo wa kilo 80 hadi 90 ukiacha mifupa ya miguu ndani. Na kule Flat Tops, milima ya Colorado tunakowinda, ni pori lililotengwa chini ya sheria ya mwaka 1964, ambako huruhusiwi kuingia na chombo cha injini wala cha magurudumu, hata baiskeli, hata toroli. Nyama inatoka kwa farasi au kwa mgongo wa mtu. Farasi wa kukodi ni mamia ya dola, sisi wengine tunabaki na mgongo. Tena sheria ya Colorado inakutaka utoe mapaja, mikono, salala na minofu ya ndani, yote. Ukiacha nyama ioze porini umevunja sheria, na mimi kwa malezi niliyopata, hata sheria isingekuwepo, kumuua mnyama halafu kumwachia kunguru ni jambo ambalo lisingenipa usingizi.

Ndiyo maana shanta si kitu cha kuchukulia kama begi la safari. Bunduki unaweza kuazima. Shanta likikatika, nyama inabaki mlimani.

Mwaka jana nilipata leseni ya kuwinda jike kwenye bahati nasibu ya jimbo, msimu wa kwanza wa bunduki, ule wa siku tano katikati ya Oktoba. Matokeo yalitoka mwishoni mwa Mei, na usiku uleule simu ikaanza kuniletea matangazo. Shanta la kijani limeegemezwa kwenye gogo, pembe za dume zimefungwa juu yake, lita 90, fremu ya kaboni. Nilikuwa nimeshaliona shanta hilo kwenye tovuti ya kampuni moja ya Montana na bei ikanikatisha tamaa. Hapa ni dola 189 na usafirishaji bure. Nikajiambia labda ni mzigo wa mwaka jana wanaumaliza. Nikalipa kwa kadi.

Lilichukua wiki tatu, ingawa tovuti ilisema ghala liko Denver. Karatasi ya bahasha ilionyesha limetoka China. Nikafungua, nikaona rangi ndiyo, nembo ipo, zipu zinafunguka. Lilinuka plastiki kali, nikadhani ni upya. Nikalitundika kabatini. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko hata kununua, na sababu nitaieleza baadaye.

Tulikuwa wawili, mimi na Baba Neema, mtu mzima kidogo kuliko mimi, ambaye amewinda huku misimu sita. Yeye alikuwa na fremu kuukuu ya alumini aliyoinunua dola 40 kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake nje ya nyumba. Haina zipu hata moja, imefungwa kamba kila mahali. Siku ya pili saa tatu asubuhi nikapiga jike. Tukachuna, tukakata, tukatia nyama kwenye mifuko ya kitambaa na kuitundika mtini kivulini ipoe, maana elki ana joto jingi mwilini na nyama iliyo karibu na mfupa wa paja huanza kuharibika mapema ukiichelewesha. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa paja moja la nyuma na salala zote mbili. Pamoja na maji, koti na vifaa vya kukatia, kama kilo 32.

Nusu saa tu tangu tuanze kushuka, klipu ya mkanda wa kiuno ikaachia. Nikaifunga, ikaachia tena. Uzito wote ukahamia mabegani. Nikakaza vikanda vya juu ya bega, vile vinavyouvuta mzigo usining'inie nyuma, na mshono wa kushoto ukaanza kufumuka uzi baada ya uzi, nikawa nausikia. Kwenye mteremko wenye mawe nikasikia tak. Kijiti cha fremu upande wa kushoto kilitoboa mfuko wake kwa chini na ncha ikanichoma juu ya nyonga. Mzigo ukapinduka kulia, ukanivuta nikapiga goti kwenye jiwe. Bunduki ilikuwa haina risasi ndani, namshukuru Mungu kwa hilo.

Tulipokifungua kile kitambaa, "kaboni" ilikuwa vijiti viwili vya nyuzi za kioo, unene wa penseli, kama vya hema la watoto. Kimoja kimepasuka kwa urefu kama muwa uliotafunwa. Sehemu ya kuwekea nyama, ambayo kwenye shanta la kweli ni nafasi kati ya fremu na begi ili mzigo mzito ukae karibu na mgongo, hapa ilikuwa kitambaa kimoja kilichoshonewa juu ya sponji.

Baba Neema hakusema neno. Alitua mzigo wake, akalifunga paja langu juu ya lake, akaenda. Mtu wa miaka 52. Mimi nikabeba salala na vitu vidogo mikononi na kwenye kile kilichobaki. Badala ya kugawana safari mbilimbili, yeye alikwenda mara tatu, maili nne kwenda na nne kurudi, siku mbili nzima, usiku maji kwenye chupa yakiganda. Nyama haikuharibika hata kipande. Lakini goti lake lilivimba na akakosa kazi wiki nzima, na anayelipwa kwa saa anajua wiki ina maana gani. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya dola 189.

Niliporudi nikawaandikia. Walijibu haraka sana, kwa adabu sana. Kwanza wakaniambia nibaki na shanta wanirudishie asilimia 15, yaani dola 28. Nilipokataa wakapanda hadi asilimia 30. Nilipokataa tena wakasema basi nilirudishe China kwa gharama yangu, na posta ikaniambia ni zaidi ya dola 100. Mchezo wao ndio huo, kukuchosha hadi ukubali kidogo. Nikaenda benki. Benki wakatazama tarehe wakasema nimechelewa. Sheria ya hapa inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60, kuanzia pale bili ya kwanza yenye malipo hayo ilipotumwa, kulalamika kwa maandishi. Benki nyingine huvumilia zaidi, yangu haikuvumilia miezi minne na zaidi. Laiti ningelijaza mchele Juni lile shanta na kutembea nalo, lingekatikia barabarani mbele ya nyumba yangu, na pesa ingerudi.

Sasa alama zake. Ukurasa wao unasema "tangu 1998", lakini nilipoingiza anwani ya tovuti kwenye lookup.icann.org, ambako yeyote anaweza kuona bure tovuti ilisajiliwa lini, ilikuwa na wiki sita tu. Hakuna namba ya simu. Anwani ya ofisi nilipoitafuta kwenye ramani ni nyumba ya kuishi watu. Kila shanta, dogo au kubwa, lina punguzo la asilimia 70 na saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na ukifungua ukurasa upya saa inaanza mwanzo. Halafu kubwa kuliko zote: wanauza saizi moja "inayomfaa kila mtu". Watengenezaji wengi wa mashanta ya kubebea kilo 30 hawauzi hivyo. Mtengenezaji wa kweli atakuuliza urefu wa mgongo wako, kuanzia mfupa unaotokeza nyuma ya shingo ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Wengine watakuuliza na kiuno. Nilipoipigia ile kampuni ya Montana, swali lao la kwanza lilikuwa hilo, kabla hata sijaeleza shida yangu.

Likishafika mkononi, tazama klipu. Za kweli huwa na jina la kiwanda limechorwa kwenye plastiki yenyewe. Zangu zilikuwa tupu. Tazama pale mikanda inapoungana na begi: panatakiwa mshono mfupi uliobanana sana, uzi umerudi juu ya uzi mara nyingi. Langu lilikuwa na mstari mmoja kama wa pindo la suruali. Ingiza mkono utoe vijiti vya fremu uvione kwa macho. Kama vimeshonewa ndani huwezi kuvitoa, jiulize wanaficha nini.

Kuhusu ukubwa, nawaambia nilivyojifunza. Kwa siku nne au tano na mahema, chakula na nguo za baridi, lita 80 hadi 100 zinatosha. Watu hununua kubwa zaidi wakidhani nyama inaingia ndani ya begi. Haiingii ndani, inakaa katikati ya fremu na begi, na begi linabanwa juu yake. Kinachobeba ni fremu na mkanda wa kiuno. Ukivaa na kukaza kiuno, mabega yako yanatakiwa yawe karibu huru, uweze kupitisha vidole chini ya mkanda wa bega. Fremu ikiwa fupi kuliko mgongo wako, vile vikanda vya juu havina kazi na uzito wote unaangukia mabegani.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Gunia la mchele la pauni 50, lile la duka la Waafrika, ni karibu kilo 23. Ongeza chupa za maji hadi kilo 30, funga pale pa nyama, tembea saa nzima, panda ngazi na kushuka. Fanya hivyo wiki uliyolipokea, si wiki ya kuondoka.

Kama dola 600 huna, na wengi wetu hatuna, usiende kwa matapeli. Tafuta la kweli lililotumika, au fremu tupu ya alumini kama ya Baba Neema. Mpya zinapatikana kwa takriban dola 200 na hazina uzuri wowote, ila zinabeba. Lakini hapo kwenye mitumba napo kuna wezi. Jamaa mmoja wa Boise, Mkongomani, alimtumia muuzaji dola 350 kwa Zelle, njia ya kutumiana pesa benki kwa benki, ili "amshikilie" shanta. Akatumiwa namba ya kufuatilia mzigo, mfumo ukaonyesha umefikishwa Boise, kweli, ila kwenye nyumba nyingine. Zelle kwa kawaida hairudishi pesa uliyoituma mwenyewe kwa hiari. PayPal nayo ina njia mbili: ukituma kama zawadi kwa rafiki umejimaliza, ukilipa kama ununuzi wa bidhaa una siku 180 za kulalamika. Muuzaji akikusisitizia ile ya rafiki ili "tukwepe makato", funga simu. Kama yuko karibu, kutana naye mchana mahali penye watu, ulivae, ulikaze, ndipo utoe pesa.

Na kama umeshanunua kwenye lile duka, usione aibu na usingoje Oktoba. Lifungue leo, lipige picha klipu, mishono na vijiti, hifadhi ukurasa wa tangazo kabla hawajaufuta, halafu piga simu namba iliyo nyuma ya kadi yako na kusema umeuziwa bidhaa bandia. Neno hilo, bandia, lina uzito kuliko kusema hujaridhika. Usikubali asilimia 15 zao, maana ukizipokea wataiambia benki mmeshamalizana. Ripoti pia reportfraud.ftc.gov, ya tume ya serikali inayolinda wanunuzi, na ic3.gov, ya FBI ya uhalifu wa mtandaoni. Mimi niliripoti kote kuwili kwa Kiingereza changu cha kawaida, dakika ishirini.

Aliye Denver, Aurora au Greeley na ana shanta asilokuwa na uhakika nalo, aniletee Jumapili mchana. Gunia la mchele ninalo, na Baba Neema anakuja na ile fremu yake mlinganishe.