Ziara ya Msikiti wa Mandhry, Mji wa Kale Mombasa: Uzoefu Wangu

Kila nikitaja ziara hii naulizwa kuhusu pesa. Kuna haja gani kumlipa mtu akutembeze Mji wa Kale na njia ni za bure? Kwa Fort Jesus unaweza kujiongoza mwenyewe. Kwa misikiti, lipa, ila mpatane bei kabla hamjaondoka.

Barobaro aliyenitembeza ni mzaliwa wa mitaa hiyohiyo. Tulipofika Msikiti wa Mandhry alinizuia nisitoe simu, nitazame mnara kwanza. Ni mnene chini, unapanda ukichongoka, mweupe pe, wala hauna marembo mengi. Si jambo dogo, kwa sababu misikiti mingi ya kale ya upwa wetu haikuwa na mnara kabisa. Msikiti huu hutajwa kuwa wa mwaka 1570. Maana yake watu walikuwa wakisali hapa miaka 23 kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ingawa wageni wengi huanzia ngomeni wakidhani ndio mwanzo wa mji.

Hela yake hasa aliipatia ukutani. Alinipeleka kwenye nyumba kuukuu iliyobambuka lipu, nikayaona matumbawe yenyewe na vitundu vyake, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na ncha ya boriti ya mkoko imejitokeza. Akanieleza kuwa boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Ukitaka ukumbi mpana kuliko boriti, huna budi kusimamisha nguzo katikati. Ndiyo sababu misikiti ya kale ya pwani ina nguzo nene ndani, hata zikikata safu za wanaosali.

Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa kale kutoka Morocco, kijana hakumtaja. Nilimwambia mimi kwamba msafiri huyo alipopita Mombasa mwaka 1331 aliikuta misikiti ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, na visima milangoni ambako mtu huosha miguu ndipo aingie. Kijana alifurahi sana. Nadhani sasa anawasimulia wageni kama habari aliyorithi kwa babu yake.

Kilichoniudhi ni duka. Ghafla ziara ikawa ya viungo na vinyago, na tukakaa huko kuliko tulivyokaa msikitini. Mwambie mapema kuwa hununui kitu. Kwa hilo nampa nyota nne, si tano.

Msikiti bado unasaliwa. Mimi niliingia kwa sala ya adhuhuri, nikatawadha kama wengine. Kama wewe si Mwislamu, utazame kutoka nje, au mwongozaji akuombee ruhusa, na ukikataliwa usibishane. Kina dada wavae nguo ndefu na mtandio. Ijumaa mchana usiende kutalii, watu wanakwenda kusali na vichochoro ni vyembamba.