Nairobi hadi New York: ukate tiketi ipi, nimezipanga kuanzia bora hadi ya kuepuka

JKIA hadi JFK ni kama kilomita 11,800, lakini wengi tukitafuta tiketi tunaangalia bei tu halafu mtu anajikuta kwa njia masaa 30. Kabla hujalipa soma jumla ya masaa ya safari nzima, hiyo ndio inaumiza mwili, kilomita hazina shida.

Namba moja kwangu ni ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways, ilianza Oktoba 2018, masaa 15 hivi kwenda na kama 14 kurudi kwa sababu upepo wa huko juu unavuma kuelekea mashariki, so ukirudi unakusukuma. Sema umetoka Nairobi saa tano na nusu usiku, unatua New York wakati nyumbani Nairobi ni saa nane na nusu mchana lakini kule ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi (tofauti ni masaa 8, kiangazi chao 7). Kama anayesafiri ni shosho anaenda kuona wajukuu na hajawahi kupanda ndege, hapa hata usilinganishe bei, ongeza pesa umkatie hii, asianze kutafuta geti peke yake kwa eapoti asiyoijua. Ila hairuki kila siku mwaka mzima, cheki ratiba.

Namba mbili ni kupitia Amsterdam, masaa 8 na nusu halafu mengine 8, na hauzunguki sana. Inafuatwa na Istanbul, karibu 7 kisha 11.

Doha na Dubai ziko nyuma kidogo, ndege ni nzuri kweli lakini unaruka masaa 5 kwanza halafu 14 mfululizo, jumla zaidi ya kilomita 14,000.

Sasa kama New York sio mwisho wa safari, mpangilio unabadilika kabisa. Marekani mizigo unaichukua eapoti ya kwanza unayotua hata kama imeandikwa mji wa mbele, yaani unapita uhamiaji, unavuta sutikesi mbili za kilo 23 kutoka kwa mkanda, unapita forodha, ndio unairudisha tena, na mtoto yuko mgongoni. Kwa hivyo wa Dallas pitia Doha au Dubai, wa Minneapolis pitia Amsterdam, ndege inakushusha hapo hapo mjini kwako.

Kusubiri katikati chagua masaa 2 hadi 4, chini ya hapo ndege ya kwanza ikichelewa kidogo unaanza kukimbia.

Ya mwisho kabisa ni tiketi mbili tofauti ulizojiunganishia mwenyewe kwa sababu ni bei rahisi. Ya kwanza ikichelewa ya pili inakuacha na hakuna anayelazimika kukupa kiti kingine, na pengine utahitaji viza ya nchi ya katikati ndio utoke uchukue begi lako.