Huduma ya mfilisi, kwa jicho la mdai asiye na dhamana

Mfilisi anapokabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, kazi yake ni kukusanya mali, kuiuza na kugawa fedha. Kwa msambazaji aliyetoa bidhaa kwa mkopo, au fundi ambaye ankara yake haijalipwa, huduma hii tunaipa nyota 3 kati ya 5. Mgawo ni wa haki. Mwendo ni wa kobe, na gharama humegwa kwanza kutoka chungu kilekile ambacho wadai wote wanakisubiri.

Ukongwe wa ankara haumpi mtu nafasi ya mbele, wala kupiga simu kila siku. Tuchukue hesabu ndogo. Jengo lililowekwa rehani linauzwa 400, na benki yenye rehani inadai 500. Benki inazoa 400 zote, kisha 100 zilizosalia inaingia nazo kwenye foleni ya wasio na dhamana. Magari, mashine na madeni yaliyokusanywa kwa wateja yanaleta 300. Toa 90 za gharama za ufilisi, toa 110 za mishahara na madai mengine ambayo sheria imeyapa kipaumbele, zinabaki 100. Wasio na dhamana, pamoja na zile 100 za benki, wanadai jumla ya 1,000. Basi kila mmoja hupata 10 kwa kila 100 anazodai: mwenye 50 anapata 5, mwenye 400 anapata 40. Wanahisa hawapati kitu.

Sasa angalia zile 90. Zingekuwa 60, kila 100 ingelipwa 13. Hapo ndipo huduma hii inapotuudhi: taarifa ya mfilisi mara nyingi hurundika “gharama za kitaalamu” kwenye mstari mmoja. Omba mchanganuo wa saa, kiwango cha malipo kwa saa na kazi iliyofanyika, na uombe kabla ujira haujaidhinishwa. Katika nchi nyingi wadai wana kura juu ya ujira huo, lakini wengi hawatokei mkutanoni.

Fomu ya kuthibitisha deni ni rahisi, ila ndiyo inayowaangusha watu. Andika kiasi kilichodaiwa siku ufilisi ulipoanza, si siku unayojaza. Riba ya baada ya siku hiyo kwa kawaida haihesabiwi, labda madeni yote yalipwe na fedha zibaki. Ambatisha ankara, hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya mpokeaji, na taarifa ya akaunti inayoonyesha malipo yaliyokwisha kuingia. Ankara peke yake huonyesha kwamba uliomba kulipwa. Sahihi ya mpokeaji ndiyo huonyesha kwamba mzigo ulifika. Kama na wewe unadaiwa na kampuni hiyo, likate deni hilo humohumo kwenye fomu. Mfilisi atalikuta vitabuni, na dai lote litasimama hadi mlinganishe hesabu.

Ukichelewa, mgawo wa kwanza unaweza kukupita. Kwa kawaida hufidiwa kutoka fedha ambazo hazijagawiwa, lakini kilichokwisha kulipwa kwa wengine hakirudishwi kwa ajili yako.

Jambo jingine linaloleta uchungu ni malipo yaliyofanyika kampuni ikiwa tayari inazama. Mdai mmoja akilipwa kwa upendeleo muda mfupi kabla ya ufilisi, mfilisi anaweza kuzidai fedha hizo zirudi chunguni. Aliyelipwa huona ameonewa. Kwetu sisi hii ndiyo sehemu bora ya huduma nzima, maana bila hiyo anayejuana na mkurugenzi angelipwa yote usiku na wengine wakute ghala tupu asubuhi.

Kama mkataba wako ulisema bidhaa ni zako hadi zilipiwe, usingoje fomu. Mwandikie mfilisi mara moja, ukitaja namba zilizochapwa kwenye maboksi na ankara ya kila boksi. Bidhaa zikishachanganywa na za wengine, au zikishauzwa, kuzidai huwa kazi ngumu sana.